Nyungu za Sanga na Jiko Lisilochimbwa

Tervuren, kule Ubelgiji, walitoa vitabu vinne juu ya uchimbuzi wa bonde la Upemba. Cha kwanza, cha Jacques Nenquin, kilitoka mwaka 1963. Cha pili, cha Jean Hiernaux na wenzake, mwaka 1971. Viwili vya mwisho, vya Pierre de Maret, mwaka 1985 na 1992. Mtu wa Kisenge, Kasaji ao Kolwezi akitaka kujua bankambo wa hii Lualaba waliishi namna gani miaka elfu moja iliyopita, vitabu hivi njo mlango wa kuingilia. Hakuna mlango mwingine mkubwa kupita huu. Nimevisoma na ulizo moja tu kichwani: walikula nini, na walikitengeneza namna gani? Sisomi kwa kutafuta wafalme. Wafalme wamekwisha kupata wasomaji wao.

Kwanza tuseme kazi yenyewe ni gani, maana wengi wanasikia jina la Sanga na wanafikiri ni Basanga wa Kolwezi na Likasi. Sanga ya uchimbuzi ni fasi kando ya ziwa Kisale, kule Lualaba inapopanuka na kuwa mabwawa na maziwa, lelo katika jimbo la Haut-Lomami. Mwaka 1957 Nenquin na Hiernaux walifungua makaburi pale. Mwaka 1958 Hiernaux akarudi. Mwaka 1959 akachimba Katoto, juu zaidi kwenye mto. Kiisha ikaja vita, na kazi ikalala mpaka 1974 na 1975, de Maret alipochimba tena Sanga, halafu Katongo, Kamilamba, Kikulu na Malemba-Nkulu. Kwa jumla ni makaburi zaidi ya 200. Kutoka ndani yake akapanga nyakati moja nyuma ya ingine: Kamilamba kama mwanzo, kiisha Kisale ya kwanza tangu karne ya 8, Kisale kamili kuanzia karne ya 10 ao ya 11 mpaka ya 13, kiisha Kabamba, mpaka kufika Baluba tunaowajua. Mwaka 1979 alitangaza mpangilio huu katika gazeti la wataalamu, kama mpangilio wa kwanza uliokamilika wa zama za chuma katika nchi nzima. Hilo ni jambo kubwa. Nchi chache za Afrika ya kati zina ngazi kama hiyo, hatua kwa hatua, karibu miaka 1.500 bila kukatika sana.

Sasa tufike kwenye nyungu. Makaburi ya Kisale yamejaa nyungu. Kuna za shingo ndefu kama chupa, kuna mabakuli, kuna zenye mikono na midomo ya kumiminia, zimefinyangwa vizuri sana, na mtu yeyote mwenye kuona picha zake katika vitabu hawezi kusema mfinyanzi wake alikuwa mwanafunzi. Kitu kimoja ambacho de Maret alikiona na ambacho kinanigusa kupita vyote: katika makaburi ya watoto, nyungu ni ndogo, na udogo wake unaenda sawa na umri wa mtoto. Mtoto mchanga, kanyungu kadogo. Mtoto mkubwa kidogo, nyungu kubwa kidogo. Maana yake kuna mtu alikaa chini na udongo mkononi, akapima marehemu kwa macho, akatengeneza chombo cha kipimo chake. Katika nyungu hizo na kandokando yake kulikuwa na mabaki ya chakula: mifupa ya samaki, ya mbuzi, na ya wanyama wengine. Wafu walisafirishwa na riziki.

Na kuna jiko. Ndiyo, jiko la udongo, la kubeba, lenye vipembe vitatu vya kushikilia nyungu juu ya makaa. De Maret alieleza vizuri kwamba wavuvi wa ziwa Kisale wa nyakati zetu walikuwa bado na majiko ya namna ile ile, wanayaweka ndani ya mtumbwi ili wapike juu ya maji. Ukifikiri kidogo, vipembe vitatu ni mafiga matatu ya jiko la nyumbani, yameunganishwa kuwa chombo kimoja na kupewa safari. Mvuvi hawezi kuwasha moto juu ya mbao za mtumbwi wake. Kwa hiyo mtu mmoja, miaka elfu iliyopita, alichukua mafiga ya mama yake akayafinyanga pamoja. Mimi naona hii ni akili ileile ya mhandisi.

Hapa ndipo malalamiko yangu yanapoanza. Kitu gani kilitoka katika vitabu hivi kikaenda kusomwa mashuleni, kikatajwa katika hotuba na katika maonyesho? Si jiko la mtumbwi. Ni kaburi moja la Kamilamba, la wakati wa Kisale ya kwanza, lenye fuawe la chuma na shoka la heshima ambalo mpini wake ulipigiliwa misumari. Kwa sababu fuawe na shoka ni alama za utawala kwa wafalme Waluba wa baadaye, kaburi hilo likawa ushahidi kwamba mizizi ya ufalme ni mirefu. De Maret mwenyewe aliandika makala nzuri juu ya mfua chuma na mamlaka. Sikatai. Fuawe ni fuawe. Lakini fuawe moja limezaa maelezo mengi kupita majiko yote, na wasomaji wetu wakajifunza kwamba historia ya Upemba ni historia ya chuma, ya mukuba na ya wakubwa.

Hata misalaba ya mukuba, vile vimisalaba tunavyoviona kwenye nembo na kwenye pagne, ilipata kurasa nyingi. Na kweli inastahili: de Maret alionyesha kwamba katika wakati wa Kabamba misalaba inaanza mikubwa, kiisha inakuwa midogo na ya kipimo kimoja, yaani inageuka feza ya kuhesabu. Maelezo hayo ni mazuri sana. Lakini feza hiyo ilinunua nini? Thomas Reefe, katika kitabu chake cha mwaka 1981 juu ya Waluba, alijibu vizuri kupita wachimbaji: samaki mkavu, chumvi, chuma. Vitu viwili kati ya vitatu ni vya jikoni. Watu wa mabwawa walikausha samaki kwa jua na kwa moshi, wakawapeleka mbali kwa wale wasio na samaki. Bila mkono uliojua kupasua samaki, kumpanga juu ya moto bila kumuunguza, na kumfunga asioze njiani, msalaba wa mukuba ungebaki kipande cha chuma chekundu.

Kuna sababu ya haki kwa nini jiko halikuchimbwa, na lazima niiseme, maana mhakiki asiposema sababu za mwenzake anakuwa mchongezi. Kule Upemba fasi kavu ni chache. Maji yakipanda, watu wanakimbilia vilima vilevile ambavyo bankambo walikimbilia. Kijiji cha lelo kinakaa juu ya kijiji cha jana, na cha jana juu ya cha juzi. Watu wamechimba misingi, vyoo, mashimo ya takataka, karne kwa karne, na tabaka za makao zikavurugika. Makaburi yalikuwa chini zaidi, yalilala salama. Mchimbaji mwenye miezi michache na feza kidogo anakwenda kule anakojua atapata. De Maret hakuficha kwamba anayajua makaburi kupita nyumba.

Lakini matokeo yake ni lazima tuyaone waziwazi. Nyungu ya kaburi si nyungu ya jiko. Chakula cha marehemu kimechaguliwa. Kinasema watu walitaka aende na nini, hakisemi watu walikula nini mwezi wa mbili wakati ghala iko karibu kwisha. Mfupa unabaki, lakini uji haubaki. Kwa hiyo samaki na mbuzi wanaonekana wakubwa, na nafaka, majani, mizizi, wadudu, uyoga, asali, vyote vinakuwa kivuli. Na kwa kuwa mfupa ni wa mvuvi na wa mwindaji, na uji ni wa mwenye kusaga, unajua mwenyewe ni nani anayepotea katika hesabu.

Njia ya kurudisha uji ipo. Kisiwani Pemba, kule Tanzania (Pemba na Upemba, majina yanakaribiana, udongo haufanani), kundi la Adria LaViolette na Jeffrey Fleisher lilichimba vijiji na miji ya Waswahili wa kale. Sarah Walshaw akachukua udongo wa nyumba na wa majalala, akautia ndani ya maji. Udongo ukazama, mbegu zilizoungua zikaelea. Katika Tumbe, kijiji cha karne ya 7 mpaka ya 10, nafaka iliyotawala ilikuwa uwele. Katika Chwaka, mji uliofuata, mpunga ukapanda mpaka ukashika fasi ya kwanza. Yaani wali wa pwani, ambao kila mtu anasema ni chakula cha asili cha Mswahili, una tarehe ya kuingia mezani. Walshaw aliandika hayo mwaka 2010, na Fleisher mwaka huohuo akaongeza juu ya mabakuli na karamu: nani anamualika nani, na kwa chombo gani. Ndoo ya maji, kitambaa, na mtu mwenye subira. Hiyo si mashine ya Ulaya.

Mfano mwingine ni Uvinza, ngambo ya Tanganyika, kwenye chemchemi za chumvi. Mwaka 1967 John Sutton na Andrew Roberts walichimba pale, wakatangaza kazi yao mwaka 1968. Hawakutafuta kaburi la mkubwa. Walitafuta mashimo ya kuchemshia maji ya chumvi, majivu, vigae vya nyungu, na wakaona watu walikuwa wakichemsha chumvi pale tangu karne ya 5 ao ya 6. Kiwanda cha chakula kilichimbwa kama kiwanda cha chakula. Lualaba nayo ina mabwawa ya chumvi ambayo wafanyabiashara wa Lunda waliyafuata kwa miguu. Chumvi ile ilitembea mpaka Musumba. Inastahili kazi kama ya Uvinza.

Na tusifikiri ni ugonjwa wa wazungu walio huku tu. Nyumbani kwao walifanya hivyohivyo. Karibu na Pompeii, fasi inaitwa Boscoreale, mwaka 1895 walichimba nyumba ya shamba ya Waroma iliyofunikwa na majivu ya volkano ya mwaka 79. Ndani mlikuwa na shinikizo la zabibu, mitungi mikubwa iliyozikwa mpaka shingoni kwa kuweka divai, jiwe la kusagia, tanuru ya mkate: kazi yote ya chakula ya shamba moja, imesimama kama watu walitoka jana. Lakini mlikuwa pia na vyombo vya feza. Feza ikanunuliwa, ikaenda Louvre kule Paris, na mpaka lelo ukisema Boscoreale mtu anafikiri vikombe vya feza. Shinikizo likabaki kwa wataalamu. Waroma walikuwa na bahati moja zaidi, kwamba watu wao waliandika: Cato aliandika namna ya kusimamia shamba na hata namna ya kuoka keki. Kwetu hakuna Cato. Kuna udongo, na kuna bamama wakongwe, na wote wawili wanapungua.

Turudi huku upande wetu, maana Upemba ni mbali na Kisenge, na msomaji anaweza kuuliza inatuhusu nini. Inatuhusu hivi. Kila mara tunapofanya siku ya mila, tunaweka mezani "chakula cha bankambo": bukari ya mihogo, sombe, mahindi ya kuchoma, karanga. Tunavaa, tunaimba, watoto wanapiga picha. Mihogo ilitoka Amerika. Mahindi yalitoka Amerika. Karanga pia. Zilifika pwani ya Atlantiki na Wareno kuanzia karne ya 16, zikapanda polepole bara, na mihogo ikaenea pamoja na njia za biashara za Lunda. Watu wa Kisale walipomzika yule mtoto na kanyungu kake, hakuna mmoja wao aliyewahi kuona jani la sombe. Bukari yao, kama waliita hivyo, ilikuwa ya masaka ao ya ulezi.

Je, niseme basi mihogo si ya jadi? Hapana, na hapa nitawagombeza pia wale wanaochukua tarehe za wataalamu kama fimbo ya kupigia mila. David Livingstone alipita karibu na ziwa Dilolo mwanzoni mwa mwaka 1854, akilishwa na machifu wa Lunda, Shinte na Katema. Alikula mihogo kila siku na haikumpendeza hata kidogo. Alilalamika ladha yake kama mtu aliyepewa wanga wa viazi vibovu. Lakini kwa sababu alilalamika, aliangalia. Aliandika kwamba kuna mihogo mitamu na mihogo michungu, kwamba ile michungu inalowekwa majini siku kama nne mpaka iwe laini na kuanza kuoza, kiisha inamenywa, inakaushwa juani, inatwangwa. Mama yeyote wa Dilolo ao Sandoa anatambua kazi hiyo sentensi kwa sentensi. Mmea ulikuwa mgeni, lakini mwaka 1854 maarifa yake yalikuwa yamekwisha kukomaa kabisa mkononi mwa watu hawa. Mtu hawezi kusema maarifa hayo si mila eti kwa sababu shina lilipanda mashua.

Na maarifa hayo si mapambo. Mihogo michungu ina sumu, sianidi, na maji ya siku tatu ao nne njo yanayoiondoa. Katika Kwango, kule Kahemba, kwa Walunda na jirani zao, kuna ugonjwa unaoitwa konzo: mtu analala mzima, anaamka miguu imekufa, na haiponi. Daktari Trolli aliuandika mwaka 1938. Mwaka 1992 Banea na wenzake walitoa utafiti wao juu ya kukata njia fupi katika kutengeneza mihogo: biashara ya kupeleka mihogo mijini ilipokuwa kali, watu walipunguza siku za kuloweka, na sumu ikabaki ndani ya unga. Hakuna aliyesahau mila kwa kupenda. Lori lilikuwa linangoja. Ndiyo maana ninapoona maonyesho yetu yanaonyesha kinu na mchi bila kusema kuhusu maji na siku ngapi, ninaona yameonyesha chombo na kuacha kazi. Kinu mtoto atakijua. Siku nne hakuna aliyemuambia.

Mfano wa munkoyo ni mzuri zaidi, na ninashangaa kwamba wataalamu wa nyungu hawautumii. Uji wa mahindi unapikwa, unaachwa upoe kidogo, kiisha mizizi ya munkoyo iliyopondwa inatiwa ndani. Baada ya saa chache ule uji mzito unakuwa mwepesi na mtamu, bila sukari, kwa sababu mzizi una kimeng'enya kinachovunja wanga kuwa sukari. Ukiuacha siku moja ao mbili unachachuka. Mahindi ni ya Amerika. Mzizi ni wa pori letu. Basi mimi naona akili ya kutumia mzizi haikungoja mahindi. Ilikuwapo na masaka, na mahindi yalipofika yakaingizwa katika kazi iliyokuwa inajulikana. Nafaka inabadilika, mkono unabaki. Na mambo ya namna hiyo yanaweza kusomwa katika chombo. Mwaka 1996 Delwen Samuel alitangaza namna alivyosoma mkate na bia ya Misri ya kale kwa darubini: chembe za wanga zilizopikwa, zilizooteshwa, zilizochachuliwa, kila moja ina umbo lake, na kwa umbo alijua mpishi alifanya nini kwanza na nini baadaye. Nyungu nayo inanyonya mafuta ndani ya udongo wake, hata ikisafishwa inabaki na siri. Nyungu za Sanga ni nyingi. Hazihitaji kuchimbwa mara ya pili, zinahitaji kuulizwa ulizo lingine.

Niseme neno pia juu ya Monsinyori de Hemptinne, kwa sababu kichwa cha makala yake kimeingia katika lugha ya Kolwezi mpaka watu wanakitumia bila kujua mwenye nacho. Mwaka 1926 aliandika juu ya "walaji wa mukuba" wa Katanga, akieleza uyeyushaji ambao wazee wenye ujuzi walimuonyesha. Usemi ulikuwa wa wayeyushaji wenyewe: kula mukuba, sawa vile tunasema kula faida. Maelezo yake ya tanuru ni hazina, sina ubishi. Lakini soma vizuri: kazi inaanza wakati wa kiangazi, masaka yakiisha kuvunwa. Bamama na watoto wanaokota na kuosha majiwe ya kijani, wanaume wanachimba na kuyeyusha. Basi kiwanda kizima cha mukuba kilikuwa kinangoja ghala ijae. Hapakuwa na mlaji wa mukuba ambaye hakuwa kwanza mlaji wa masaka. Kichwa cha makala kikala mukuba, na masaka yakabaki neno moja la kuonyesha mwezi.

Hapa Kisenge tunaelewa mambo haya kwa mwili. Manganezi yetu ilikuwa inatoka kwa reli kupitia Dilolo mpaka Lobito. Vita vya Angola vilipofunga njia ile mwaka 1975, kampuni ikapiga magoti, na mji uliozaliwa na manganezi ukaishi kwa mihogo. Mashamba njo yaliyobeba shule, ndoa na matanga. Historia ya kampuni imeandikwa, ina tani na tarehe. Ya mashamba yale haijaandikwa na mtu.

Na sasa udongo unafunguliwa tena kila upande katika jimbo la Lualaba, kwa koboti, kwa mukuba, kwa manganezi, na mashini na bakreseri wanapita katika tabaka moja kwa siku kupita wachimbaji wote wa Sanga kwa miezi yao yote. Sheria za mazingira zinaagiza utafiti kabla ya mgodi. Lakini utafiti ukiwa na jicho la Sanga tu, utatafuta makaburi na misalaba, na jiwe la kusagia lenye shimo katikati litatupwa na kifusi kwa sababu ni jiwe. Nimeona majiwe ya namna hiyo kandokando ya mashamba, mengine yanatumika kunolea panga, lingine limewekwa mlangoni kuzuia kuku. Hayo ni majiwe ya masaka na ulezi; unga wa mihogo unatwangwa katika kinu cha mti na kuchekechwa, haudai jiwe. Kwa hiyo jiwe lile linaweza kuwa dalili kwamba fasi ile ilikuwa na jiko kabla ya mihogo kutawala.

Ningependa chama chetu, badala ya kukodi ngoma kwa siku moja zaidi, kitumie feza ileile kwa daftari. Kila jiwe: liko wapi, limelala namna gani, nani mwenye shamba, kuna vigae vya nyungu karibu ao hakuna, kuna majivu meusi chini ao hakuna. Lisihamishwe. Jiwe likihamishwa kwenda kupamba ofisi ya chama linakuwa jiwe tena. Bamama wenye umri wakae pamoja na waandishi wakaeleze si majina ya vyakula tu, bali siku ngapi, maji gani, moto wa namna gani, na harufu gani inaonyesha kwamba kazi imekwisha. Na atakayeandika asirekebishe maneno yao kuwa Kifaransa cha ofisi.

Katika vitabu vinne vya Tervuren kuna picha na michoro ya nyungu, safu kwa safu, kila moja na namba yake. Miongoni mwake mko majiko ya vipembe vitatu. Nimemuonyesha mchoro wa moja mama mmoja aliyekulia Bukama, bila kumuambia ni la nini wala la wakati gani. Aliugeuza kidogo, akauliza kwa nini walichora jiko bila kuchora sufuria.